Kisa cha Muheza: binti aliyemuuguza mama mwenye dimensia mpaka mwisho

Hiki kisa cha dada aliemuuguza mama yake mwenye dimensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili, nimekaa nacho muda, dada mwenyewe kaniruhusu nikiandike, ila nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili familia isijulikane. Mimi ni muuguzi, nilianza kuingia pale kama jirani tu afu baadae nikawa naenda kumfunga mama vidonda, kwahiyo mengi nimeyaona kwa macho na mengine alinisimulia yeye mwenyewe tukiwa tumekaa uani usiku. Nakiandika kwa sababu huyu dada alisifiwa kuliko mtu yeyote pale mtaani, kila anaekuja anamwambia umepata radhi mwanangu, Mungu atakulipa, afu anaaga anaondoka, na kila aliemsifu aliondoka akijiona kashatoa mchango wake. Miaka aliishi hivyo. Familia ilipopunguza sifa na kuanza kugawana zamu ndo mambo yakabadilika, na mimi kwenye kisa kizima naona hapo ndo pa kupaangalia sana.

Tuanze na mama. Alikua anauza chai na maandazi karibu na stendi ya Muheza, miaka na miaka, shule hakusoma, na madeni yote alikua anayaweka kichwani. Dereva akila leo akasema mama nitakulipa mwisho wa mwezi, mama haandiki popote, ikifika mwisho wa mwezi anakwambia una maandazi manne na chai mbili za ile siku mvua ilinyesha mpaka basi la Korogwe likachelewa. Watu walikua wanamtania wanamwita benki. Sasa kwenye 2014 hivi hao hao wateja ndo wa kwanza kuona kitu, kabla ya watoto wake. Anamdai mtu mara mbili, mwingine hamdai kabisa, chenji anatoa vibaya, chai ina chumvi. Wale waungwana walikua wanajilipa wenyewe wanaweka hela kwenye kopo, na wasio waungwana walikula bure mpaka biashara ikafa. Mama alikua na miaka sabini na kitu, kila mtu akasema ni uzee.

Nyumbani ikawa inaenda vibaya kwa njia nyingine. Alikua anaishi na mtoto wake wa mwisho wa kiume na mkewe, na mama akaanza kumtuhumu mkamwana kwamba anamuibia kanga na hela. Kila siku kelele. Hela kumbe anazificha mwenyewe ndani ya kiroba cha mchele, asubuhi hakumbuki, na kwenye kichwa chake kitu kikipotea lazima kuna mwizi, na mwizi wa karibu ni yule wanaeshinda nae. Mtu asiyejua ataona ni mama mkwe tu ana roho mbaya, na ndivyo ukoo ulivyoona. Yule mkamwana alivumilia sana maskini afu akafungasha akaondoka na mumewe. Hii ya kutuhumu wizi naikuta nyumba nyingi sana, ni dalili ya kawaida kabisa ya huu ugonjwa, na ndoa zinavunjika kwa ajili yake bila mtu kujua kwamba anaesema sio mama, ni ubongo unaojaza nafasi za vitu ulivyopoteza.

Hapo ndo akaingia huyu dada. Alikua fundi cherehani Mbagala, kaachika, ana mtoto mmoja shuleni. Kaka zake wawili, mmoja Dar mmoja Arusha, na yule wa mwisho alieondoka na mkewe, wote wana familia. Kikao kilifanyika kwa simu, kikaisha haraka: wewe huna mume, mchukue mama. Hakuna aliemuuliza. Na yeye hakubisha, mama ni mama.

Dar ndo alipopata shida ya kweli. Vyumba viwili vya kupanga, choo cha wote, majirani hawamjui mama na mama hawajui. Ikifika saa kumi na moja jioni mama anaanza kukusanya nguo zake, anazifunga kwenye kanga, anasimama mlangoni na furushi lake, "nirudisheni kwetu, wanangu hawajala." Wanawe wana mvi. Dada mwanzoni alikua anambishia, mama hapa ndo nyumbani, mimi ndo mwanao, na kadri anavyombishia ndo mama anavyopandisha, analia, anapiga, siku moja alimng'ata. Kuna mama mmoja jirani, muuza samaki, hajasomea chochote, ndo alimpa njia: usimbishie, mwambie haya twende. Basi wakawa wanatoka, dada kabeba furushi, wanazunguka mtaa mzima mpaka kwenye genge, wanarudi, "mama tumefika", mama anakaa anakula. Hii kuchanganyikiwa jioni tunaiona sana, jua likizama mgonjwa anavurugika zaidi, na ukimpinga unaongeza hofu tu. Mtu akisema anataka kwao mara nyingi anatafuta mahali pa usalama, ukimpa usalama inatosha.

Hospitali. Zahanati ya kwanza walimwambia ni uzee. Hospitali moja ya Dar wakampa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, ya kumtuliza usiku, bila kumueleza lolote. Ndani ya wiki mbili mama akawa mgumu kama gogo, udenda unamtoka, anatembea kwa kuburuza miguu, akaanguka akapasuka kichwani. Hapa naomba nisimame kidogo maana ni jambo la hatari. Hizi dawa za kundi hili zinaongeza hatari ya kifo na kiharusi kwa mzee mwenye dimensia, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la hiyo hatari ya kifo 2005 kwa zile mpya na 2008 ikaongeza na za zamani kama hiyo haloperidol. Simaanishi zisitumike kabisa, kuna wakati mgonjwa ni hatari kwake na kwa wengine na hakuna namna, lakini inakua dozi ndogo kabisa, kwa muda mfupi, na mtu anamfuatilia. Dozi ya kijana mwenye ugonjwa wa akili usimpe bibi wa kilo 45. Na hizi dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, ambazo watu wanampa mzee ili alale, nazo zinavuruga kichwa zaidi.

Kilichomsaidia ni daktari mmoja hospitali nyingine aliekaa nae karibu saa nzima. Kwanza aliondoa ile dawa. Afu akasema kitu ambacho dada anakikumbuka mpaka leo, kwamba sio kila mzee anaesahau ana dimensia, kuna vitu vinatibika vinavyofanana nayo, tuviondoe kwanza. Akapima kaswende na virusi vya ukimwi, sukari, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, mkojo, akapiga siti skani kwa sababu mama alishaanguka na damu inaweza kuvuja taratibu juu ya ubongo wiki nyingi baada ya kuanguka. Akauliza kama mama ana huzuni, maana sonona kwa mzee nayo inakuja na sura ya kusahau. Mkojo ulikua na maambukizi yakatibiwa na mama akatulia kidogo, mengine yote safi, isipokua presha ilikua juu na inaonekana ilikua juu miaka mingi bila dawa, na skani ikaonyesha ubongo umesinyaa na kuna makovu ya mishipa midogo kuziba.

Kupima akili yenyewe hakumpa kalamu wala saa ya kuchora, mtu ambae hajawahi kushika kalamu unampima nini kwa kalamu. Alimpa njiti nne za kiberiti akampangia umbo akamwambia pangua upange kama hivi. Akamwambia nitajie wanyama, dakika moja. Akampa maneno ayashike ayarudie baadae. Kipimo cha namna hiyo kilitengenezewa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wetu wengi ambao hawakusoma, na ni huko huko Hai ambako utafiti uliotoka 2013 ulikuta kama asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na kuendelea wana dimensia. Kwahiyo ile kauli kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu ifike mwisho. Mama alitaja mbuzi, kuku, mbuzi, afu akauliza maji ya chai yashachemka.

Jibu likawa dimensia ya mchanganyiko, Alzheimer, ile ya ubongo kusinyaa, pamoja na ya mishipa midogo ya ubongo kuziba. Daktari akaeleza wazi kwamba haiponi, itashuka, na mwisho wake ni kifo, na akaandika dawa za presha na donepezil. Hiyo ya pili ilikua ghali, dada aliinunua miezi michache akaishia hapo, na daktari alishamwambia asijisikie vibaya akishindwa maana inasaidia kidogo kwa baadhi ya watu na haizuii ugonjwa kusonga. Presha waliiendeleza. Kitambulisho cha matibabu ya wazee kilisaidia kumuona daktari bure, jambo lililotokana na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ila pampasi na sabuni na nauli hakuna kitambulisho kinacholipa.

Akarudi na mama Muheza mwaka 2017. Uamuzi wake peke yake, kaka zake hawakuupenda, aliacha wateja wote Mbagala akabeba cherehani kwenye basi la Tanga. Mimi nauona ndo uamuzi bora kuliko yote aliofanya. Mama alipofika kwenye nyumba yake alijua choo kiko wapi. Hakuweza kukwambia mwaka wala jina la rais, lakini usiku akiamka miguu inampeleka yenyewe, mkono unajua kitasa. Na dada akawa anamkandia unga kidogo asubuhi anamuwekea kwenye sinia, mama anaufinyanga, anaukata, anaupanga, saa nzima kimya mikono inafanya kazi, anaimba. Maandazi yale hayakuliwa na mtu, ilikua ni kumpa kitu cha kushika tu.

Sasa usiku wa 2018 ndo ulinifanya mimi nianze kuingia kwenye hii familia kwa karibu. Mama alitoka usiku, mlango haukufungwa vizuri, na alfajiri akakutwa kakaa kwenye uwanja wa nyumba ya tatu kutoka kwao, hana nguo. Mnajua kinachosemwa pale. Mchawi kaanguka, kapitiwa na mapambazuko. Nilipofika nimesikia kelele vijana wameshajaa, mmoja ana rungu, mwingine anapiga picha na simu, na bibi katikati ameshika magoti yake anatetemeka kwa baridi, anawaambia kwa Kibondei kwamba maji bado hayajachemka wasubiri. Alidhani ni wateja wake. Balozi wa nyumba kumi alikua keshafika, mzee wa makamo, akawa kasimama mbele ya yule kijana mwenye rungu bila kusema neno. Dada akaja mbio, akavua kanga yake ya juu akamfunika, akakaa chini mavumbini pembeni yake akamwitikia kwa Kibondei, mama ngoja nikusaidie kuchochea moto. Wakanyanyuka wakaenda. Watu wakanywea.

Maelezo yake ni mepesi sana. Mgonjwa wa namna hii anaamka ana haja, anavua nguo kwa ajili ya choo, akimaliza au asipomaliza anasahau alipotoka na alikokua anaenda, anatembea tu. Basi. Lakini kwenye nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu tu, hayo maelezo mepesi yanaweza kuwa ndo tofauti ya kuishi na kufa. Balozi aliita kikao jioni ile ile na akaniomba niongee. Niliwaeleza ugonjwa, na dada akawaeleza mama yake, nadhani cha dada ndo kiliwaingia zaidi kwa sababu nusu ya waliokaa pale walishakula maandazi ya mkopo. Tangu siku ile mtaa ukawa mlinzi. Vijana wa bodaboda pale stendi walikua na namba ya dada, wakimuona bibi barabarani wanampakia wanamleta. Na dada akafanya jambo la kifundi kabisa, alidarizi namba yake ya simu kwenye pindo la kila gauni la mama, kwa ndani, kwa uzi mwekundu, maana kikaratasi mama anakitoa na bangili anaivua, ila pindo la gauni hawezi kulifumua.

Hao ni majirani. Ndugu bado walikua kwenye simu. Kila Jumapili kaka mkubwa anapiga, "mama anaendeleaje, hongera sana dada, una moyo." Hela inatumwa akikumbuka. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndo wanabeba kama asilimia 70 ya saa zote za kuhudumia watu wenye dimensia, na wahudumu wa nyumbani kwa wastani wanatumia saa tano kwa siku. Saa tano! Huyu dada alikua anaamka mara tatu nne usiku kubadilisha shuka, mchana anashona kwa vipande vipande, cherehani iko mlangoni ili amuone mama, na hakwenda harusi wala msiba wala kanisani. Alikonda. Akaanza kumpigia mama kelele, afu analia kwa kumpigia kelele. Nilimkuta siku moja kakaa chooni kafunga mlango kwa sababu ndo mahali pekee hakuna anaemwita.

Kwenye 2019 yule kaka wa Arusha akaja na karatasi. Wauze kipande cha shamba la machungwa wapate hela ya kumtunza mama, nia nzuri kabisa, mnunuzi yupo, kinachotakiwa ni dole gumba la mama. Dada akakataa. Ugomvi mkubwa, akaambiwa anataka shamba liwe lake. Lakini alikua sahihi, Sheria ya Mikataba, Sura 345, inataka mtu anaeingia mkataba awe na akili timamu, anaelewa anachokubali, na mama hata jina la huyo mtoto aliembele yake alikua hajui. Dole lile lingekua halina thamani mahakamani na lingewagombanisha mpaka kaburini. Mambo ya mali na wosia yanatakiwa yakaliwe mwanzoni kabisa, ule mwaka wa chumvi kwenye chai, mama akiwa bado anaweza kusema anataka nini. Hii familia walichelewa, ikabaki hivyo mpaka mwisho.

Ugomvi huo lakini ndo ulileta kikao cha kweli. Padri wa parokia yao ya Kianglikana alisikia akawaita wote, akasema waje kwa miguu yao, sio kwa simu. Mimi nilialikwa nikaeleza kazi ya siku moja kuanzia saa kumi alfajiri, kitu kwa kitu, nani anafanya, inachukua muda gani. Sikutaja upendo hata mara moja, nilitaja shuka ngapi. Kaka mkubwa akasema maneno ambayo wanaume wengi wanasema na yana ukweli wake, kwamba hawezi kumuogesha mama yake, ni mwiko, uchi wa mama mtoto wa kiume haoni. Nakubali, nisingemlazimisha, na mama mwenyewe angeaibika hata kwenye ugonjwa wake. Ila kuogesha ni kama saa moja kati ya ishirini na nne. Saa zilizobaki zina kulisha, kufua, kupika, kukesha, kumgeuza, kumtembeza, kuchota maji, na hakuna mwiko kwenye kufua. Kwa kuogesha wakakubaliana kumlipa dada mmoja wa jirani aje asubuhi na jioni. Zikapangwa zamu, kila mtoto wiki moja kamili kila baada ya miezi miwili, na mchango wa mwezi unaingia kwenye simu ya dada tarehe moja, sio ukikumbuka.

Kaka mkubwa alianza. Usiku wa tatu aliniita saa nane akiwa analia, mama anamwita jina la marehemu baba yao anamuuliza kwa nini umekaa huko muda wote. Mwisho wa wiki aliondoka kimya, na toka hapo zile hongera za Jumapili zikaisha, akipiga simu anauliza pampasi zimebaki ngapi, choo alipata lini, kidonda kikoje. Dada aliniambia hayo maswali yalimpumzisha kuliko hela. Ile wiki yake ya kwanza ya mapumziko alilala tu, kwa rafiki yake Korogwe.

Niseme ukweli, zamu hazikwenda vizuri muda wote. Wa Arusha aliruka mara kadhaa. Kipindi cha korona kila mtu alikwama alipo. Lakini kitu kilishabadilika, ilijulikana ni kazi ya wote na anaekosa anadaiwa.

Kuanzia 2021 mama hakutembea tena, na maneno yakaisha. Dada alishona nepi za kanga kuukuu tabaka nne, chini makintoshi ya plastiki, anazifua anazipiga pasi, zikapunguza gharama kubwa. Kidonda kilitokea juu ya makalio baada ya homa moja ya siku chache ambayo mama hakugeuzwa vizuri. Kumgeuza kila masaa mawili, mto kati ya magoti, visigino visiguse godoro, ngozi iwe kavu, hivyo ndo vinavyozuia, na kidonda kikishaingia ndani ni miezi. Kilipoanza kunuka tulisaga vidonge vya metronidazole tukanyunyizia juu, harufu ikakata, na mama akaanza tena kutembelewa maana watu walikua wanaona aibu kuziba pua.

Kula ndo mtihani wa mwisho. Alikua anashika chakula mdomoni anasahau kumeza, akimeza anapaliwa. Alipolazwa kwa homa ya mapafu wakapendekeza mpira wa puani wa kulishia. Familia ikagawanyika, kaka mmoja anasema mnataka afe njaa. Nilikaa nao nikawaeleza ninachokijua: kwa dimensia iliyofika mwisho mpira haurefushi maisha, hauzuii kupaliwa, na mgonjwa anauvuta mpaka anafungwa mikono, chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilitoa msimamo huo 2014 na kinachopendekezwa ni kulisha kwa mkono, taratibu, kwa kadri anavyopokea. Mgonjwa haachi kula ndo akafa, anakufa ndo maana anaacha kula. Dada akaamua mkono. Anamkalisha wima kabisa, kidevu chini kidogo, kijiko kidogo cha chai, uji mzito au parachichi lililopondwa, anasubiri koo lipande lishuke ndo anapeleka kingine, akimaliza anamuacha wima nusu saa. Mlo mmoja dakika arobaini. Nilikua naangalia lile koo na mimi nameza.

Wana Muheza wana bahati moja, hospitali ya Teule ina huduma ya hospisi ya miaka mingi, yaani kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, wanafika majumbani. Watu wengi wanadhani hospisi ni ya saratani tu. Muuguzi wao alipoona mama anakunja uso na kuguna kila akigeuzwa alijua ni maumivu, hata kama mgonjwa hasemi, akaanzishiwa mofini ya maji kwa dozi ndogo pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana mofini inafunga tumbo. Uso ukafunguka. Kabla ya hapo ilisemwa anaguna kwa sababu ya ugonjwa wa kichwa.

Homa ya mapafu ilirudi 2022. Safari hii dada, kaka mkubwa, na muuguzi wa hospisi walikubaliana wasimpeleke kokote. Shangazi mmoja alisema mnamuua, akasema kwa sauti mbele ya watu, na naelewa, kwetu kumpeleka mgonjwa hospitali ndo kuonyesha umempenda. Lakini gari, foleni, sindano, kitanda cha mgeni, kwa mtu ambae mwili umeshafunga safari, hapana. Walimlaza upande, dada anamlowanisha midomo kwa pamba, mofini ikaendelea. Pumzi ikawa inakata muda mrefu afu inarudi kwa kasi, kaka akashtuka kila ikikata, nikamueleza kwamba ndivyo inavyokua na mkoromo ule kooni unatusumbua sisi zaidi kuliko yeye. Padri alikuja akampaka mafuta. Mama alikata roho mchana, watoto wake wote wanne wakiwa mle chumbani, na dada wa jirani wa kuogesha akiwa ameshika miguu.

Msibani sifa zilirudi zote. Yeye aliniambia pembeni kwamba alijisikia mwepesi, na anaogopa huo wepesi, mtu gani anajisikia mwepesi mama yake kafa. Nilimwambia alianza kumlilia mama tangu ile siku alipoitwa jina la mtu mwingine Mbagala, miaka yote ile alikua anazika kidogo kidogo, sasa mwili umetua mzigo na hiyo haina dhambi. Miezi iliyofuata alikua bado anaamka saa nane usiku, anakaa kitandani akisubiri kuitwa. Nilimpima presha, ilikua 170 kwa 100, na hakuna aliewahi kumpima kipindi chote kile wakati mama anapimwa kila mwezi. Na presha isiyotibiwa ukiwa mtu wa makamo ni moja ya vitu vinavyoongeza hatari ya dimensia yenyewe. Kwahiyo nyie mnaoenda kumuona mgonjwa, mpimeni na anaemuuguza.

Shamba lilijadiliwa kwenye arobaini. Kabla hawajagawa kaka mkubwa alitoa daftari, kumbe toka ile wiki yake ya kwanza alikua anaandika nani kalala pale na nani hakulala, akasema mavuno ya machungwa ya misimu miwili yote yanaenda kwa dada kwanza, ndo tuongee habari ya mipaka. Wa Arusha akakubali. Dada alikodi fremu karibu na stendi, kaweka cherehani mbili, anameza dawa zake za presha asubuhi, na kila mwezi wa kliniki ni kaka mkubwa anaempigia kumkumbusha tarehe.